Madoa Hamsini na Matatu

Jumanne, 3 Juni

Jike bado hajazaa. Nimemchungulia mara tisa leo. Mara ya kumi akanigeuzia makalio. Hata farasi anachoka na mimi.

Tatizo ni hili. Juzi nilimwambia mjukuu wangu kwenye simu kwamba mtoto wa farasi ameshazaliwa, ana madoadoa mwili mzima kama maharage. Mjukuu ana miaka saba, mimi humwita mchumba. Alipiga kelele mpaka sikio likaziba. Mama yake, binti yangu, akachukua simu akasema basi, Jumamosi ya tarehe kumi na nne watakuja kumwona.

Watakuja! Tangu tumzike mke wangu, mwaka na miezi minne sasa, nimewaambia njooni nimepaka nyumba rangi, njooni miti imezaa matunda. Kimya. Neno moja la madoadoa, wamekata tiketi.

Si uongo. Ni habari iliyotangulia tukio.

Jike mwenyewe ni kahawia tupu, hana hata chunusi. Mwenye madoa ni baba mtu, dume la jirani tunayemwita Kanali, ambaye jeshi analijua kwa kuliona likipita. Mimi ni fundi wa matandiko ya farasi. Nilimshonea tandiko, yeye akaniazima dume. Husema mababu wa dume lake walibeba wafalme. Leo linambeba yeye. Ukoo umeshuka.

Alhamisi, 5 Juni

Muuza majani ya mifugo kaniambia farasi mwenye mimba huzaa kile anachokitazama. Kwa nini watu hawasemi mapema?

Nyumbani chenye madoa ni kimoja tu: gauni la marehemu, jeupe, la vidoti vyeusi. Nilifungua kabati. Nikasimama nalo mlangoni kidogo. Halafu nikaenda kulitundika mbele ya jike.

Saa kumi: amekula pindo na kifungo kimoja.

Nimelifua. Nimelishona pindo kwa uzi wa matandiko, halitafumuka mpaka kiyama. Mwenye gauni angecheka mpaka akae chini. Hakuna mwingine wa kumsimulia, ndiyo maana naandika.

Ijumaa, 6 Juni

Daktari wa mifugo kaja kumpima jike. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, madoa ya farasi yanatoka wapi. Akasema yako kwenye damu, mtoto huyarithi au huyakosa, macho hayahusiki. Alikuwa akitazama kipande cha gauni kwenye majani.

Akaniambia pia kwamba watu wa kale kabisa walichora farasi wa madoadoa kwenye kuta za mapango. Wataalamu walidhani ni ndoto za wachoraji. Baadaye mifupa ya kale ikapimwa, ikaonekana farasi wa namna hiyo walikuwepo kweli.

Nimekiwaza kisa hicho siku nzima. Fundisho lake liko wazi: watu wa mapangoni walipaka rangi kwanza, ushahidi ukafuata baadaye.

Jumapili, 8 Juni

Amezaliwa! Nimemkuta alfajiri, dume, miguu kama vijiti vya kuazima, anatetemeka na kutafuta ziwa. Nilimkausha kwa shati langu. Nikalia kidogo, moshi haukuwepo wa kusingizia.

Halafu nikamkagua. Kahawia. Nikamgeuza upande wa pili. Kahawia. Kama mkate!

Nikakimbia kwa Kanali, ambaye jike lake lilizaa mwezi jana mtoto mwenye madoa ya kumwaga. Nikamwomba aniazime kwa siku moja tu, Jumamosi. Alinitazama kama mgonjwa.

“Fundi, mtoto haazimwi kama nyundo.”

Nikamkumbusha tandiko. Akanikumbusha dume. Tukaachana kwa salamu baridi.

Mchana mjukuu akapiga simu. Babu, ana madoa mangapi? Mdomo wangu una haraka kuliko mimi. Nikasema hamsini na matatu.

Ijumaa, 13 Juni

Nina rangi nyeusi ya ngozi, nzuri, isiyodhuru. Nina brashi ya kupakia mikanda. Nina mikono iliyozoea ngozi miaka thelathini, ingawa ngozi hizo zote zilikuwa zimetulia.

Doa la kwanza: zuri. La pili: alicheza, likawa barabara. Nilipofika la ishirini, mama yake alikuwa amelamba yale tisa ya mwanzo na ulimi wake umekuwa mweusi tii. Nikaanza upya. Nikapitishia nta juu yake ili ulimi uteleze. Saa kumi na mbili nimefika hamsini na matatu, bila kuhesabu yaliyo kwenye suruali yangu.

Nimepanga viti vitatu mezani. Kimoja nimekitoa stoo. Kilikuwa na vumbi la mwaka mzima.

Jumamosi, 14 Juni

Wamekuja. Mchumba ana pengo mbele, hakuna aliyeniambia. Hakunisalimia hata vizuri, akaenda mbio bandani akamkumbatia mtoto wa farasi shingoni.

Jua lilikuwa kali. Nta ikayeyuka.

Akatazama viganja vyake, kisha gauni lake, kisha mimi. “Babu, madoa yanatoka.”

Nikasema ni msimu wake.

Binti yangu akanitazama tu. Ana ukimya wa mama yake, ule wa kukuacha ujichimbie shimo mwenyewe na kukupa jembe. Na hapo hapo, nani anaingia? Daktari, kaja kutazama kitovu cha mtoto. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akainua mguu wa mtoto, akatuonyesha ukwato una michirizi. Akatuonyesha ngozi ya puani, ina vitone vya waridi. Akasema damu ya baba imo. Wengine huzaliwa hivi, rangi moja, na madoa yakaja yenyewe mwaka baada ya mwaka. Kilichotakiwa ni kungoja tu.

Kungoja! Mimi?

Daktari alipoondoka, binti yangu akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

“Baba, mbona hukusema tu kwamba umetukumbuka?”

Nikasema nilikuwa na kazi nyingi. Akatazama karakana yangu. Kulikuwa na mkanda mmoja unaongoja kifungo.

Jumapili, 15 Juni

Tumemwosha mtoto wa farasi, sisi watatu, ndoo sita na sabuni. Mjukuu akawa anahesabu madoa yanavyoondoka, akilia kwa kila moja na kucheka kwa linalofuata. Siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Wameondoka na basi la saa nane. Kituoni binti yangu akanishika mkono akasema: Baba, siku ukitaka tuje, piga simu, sema neno moja tu, umetukumbuka. Basi. Tutakuja. Nikaahidi. Nikapunga mkono mpaka kondakta wa basi lililofuata akaniuliza kama napanda.

Nyumba imekuwa kubwa tena.

Jumapili, 22 Juni

Asubuhi yote nimefanya mazoezi mbele ya jike. Nimewakumbuka. Nimewakumbuka. Lilitoka vizuri, jike hakupinga.

Saa nane nikapiga. Binti yangu akapokea. Akasema haya Baba, nakusikia, sema. Sauti yake ilikuwa laini, kama mtu anayemfungulia mlango mtoto. Nikafungua mdomo nilisema lile neno. Sikuwahi kulisema hata kwa mama yake, na yule nilikaa naye miaka thelathini na moja.

Nikasema jike ana mimba. Ya mapacha.

Akasema Baba, amezaa wiki mbili zilizopita. Nikasema ndiyo maana ni ajabu. Nikasikia mjukuu anampokonya simu. Babu, watakuwa na madoa? Nikasema mmoja madoa, mwingine milia.

Kelele zake! Bado nazisikia.

Kesho alfajiri nakwenda kupatana na Kanali. Nasikia ana shemeji anayefahamiana na mtu mwenye punda milia.