Noti Iliyoganda Kiooni

“Hiyo noti inabanduka leo, baba watoto, kabla benki haija—”

“Haibanduki. Hiyo ndiyo historia ya—”

“—haijafunga, maana ikifunga utakuwa umebandika karatasi ya—”

“—ya duka hili, noti ya kwanza kabisa kuingia, na mtu hauzi historia yake kwa—”

“—na mashine imekufa mota, wateja wote wamehamia kwa yule wa ng’ambo ya barabara. Historia itanyoa?”

Hapo kinyozi akaigeukia mashine yake ya kunyolea, akaitikisa. Basi sogeeni, enyi mlioketi nanyi mliosimama kwa kukosa viti. Zimeni redio, mpeni mtoto ziwa atulie, niwasimulie vita vya Simba wa Wembe, Mfyeka Misitu ya Visogo, Mtisha Chawa, aliyeingia uwanjani siku ya mwisho kuikomboa noti moja ya elfu kumi.

Maana amri ilikuwa imetoka. Wakubwa walikaa, wakanywa chai, wakagundua kuwa kuna watu wameficha magunia ya noti kubwa majumbani, wakatangaza kwamba noti ya elfu kumi imefutwa: mwenye nayo aipeleke benki akabadilishiwe ndogo ndogo, na benki ikishafunga Ijumaa haitafaa hata kufungia karanga. Nchi ikatikisika. Kinyozi hakutikisika, kwa kuwa hakuwa na gunia. Alikuwa na noti moja tu, nayo ilikuwa kwenye kioo cha duka.

Iliingiaje huko? Siku alipofungua duka, mteja wa kwanza kukalia kiti alikuwa marehemu baba mkwe wake, mzee mwenye upara unaong’aa kama sinia. Mzee akataka anyolewe kama watu wengine, akalipa elfu kumi, akatoka bila kugeuka. Kinyozi, kwa heshima ya ukwe na kwa kuogopa wezi, akaibandika ile noti kwa gundi ya viatu, gundi ambayo kazi yake ni kuzuia soli zisibaki matopeni. Tangu siku hiyo mkewe alishikilia neno moja: baba aliitoa itumike, si itundikwe.

Basi shujaa akajifunga aproni kama deraya. Akaanza na kucha. Kucha ikakatika, na damu ikamwagika, tone zima. Akavuta pembe; pembe ikalia chrr, mkewe akaziba macho. Ndipo akafanya lile pekee alilolijua duniani. Akachovya taulo kwenye maji ya moto, akaifunika noti uso mpaka ikalegea. Akaipaka povu. Akatoa wembe mpya, akaupitisha kwa ulalo, taratibu, huku kidole gumba kikiivuta ngozi ya noti, naye akiiambia kwa mazoea, “Tulia hapo hapo, usicheke.” Na ilipobanduka nzima, mikono yake isiyojua kuacha kazi nusu ikaipaka spiriti, ikaipiga poda, ikaishikia kioo kidogo kwa nyuma ili ione kisogo chake.

“Ishapendeza,” mkewe akasema. “Twende.”

Foleni ilikuwa imelizunguka jengo la benki kama joka. Kinyozi akaangaza macho awaone wale wa magunia walivyo. Hakumwona hata mmoja. Alimwona bibi aliyeleta noti ya sanda yake, na muuza vitunguu ambaye noti yake iliwaliza waliosimama karibu. Alipomuuliza askari wa mlangoni, akajibiwa kuwa wenye magunia walishamaliza, walipita mlango wa nyuma, wiki moja kabla ya tangazo.

Benki ikikaribia kufunga, akafika dirishani. Karani, dada mwenye macho mekundu kwa uchovu, akainusa noti, akapiga chafya ya poda, akauliza fedha hii ilipatikana vipi.

“Nilimnyoa baba mkwe.”

“Kwa elfu kumi?”

“Na alikuwa na upara,” mkewe akasaidia, maana ni mtu mkweli.

Karani akaweka kalamu chini. Askari akasogea. Mota ya mashine, wateja, na ugali wa nyumba nzima vikaning’inia kwenye unyusi wa yule dada. Simba wa Wembe akavuta pumzi, akahutubia.

“Dada, yule mzee hakuwa na cha kunyolewa. Alikuja ili nisishinde na kiti kitupu watu wakinitazama. Nikampaka povu, nikapitisha mgongo wa wembe, akaniambia nimemnyoa vizuri. Kama hiyo ni fedha haramu, nifunge.”

Mkewe akageukia ukutani, akashughulika na zipu ya mkoba ambayo haikuwa na tatizo lolote. Karani akamwashiria askari arudi mlangoni. Akaitoboa noti, akaitupa juu ya mlima wa wenzake, akagonga muhuri.

Iandikwe basi, na watoto wafundishwe: siku ile, mbele ya dola na askari wake, ujira wa kichwa kisicho na nywele ulihesabiwa kuwa halali. Bibi wa sanda akapiga kigelegele. Muuza vitunguu akalia, safari hii kwa hiari. Mke akamshika mumewe mkono hadharani, jambo ambalo hata siku ya harusi halikutokea.

Karani akafungua droo yake, akaitazama. Akafungua ya jirani. Akainama, akachungulia chini ya kiti. Kisha akasogeza mdomo kwenye tundu la kioo, akashusha sauti.

“Baba, samahani,” akasema, “hapo ulipo huna chenji ya elfu kumi?”