Koki Kuu Iko Wapi?

Jumatatu, 6 Mei

Mimi nina bahati ya kuzaliwa nayo. Walioomba kusomea ualimu wa chuo cha ufundi walikuwa mia moja na arobaini. Wakachukuliwa wawili tu. Mmoja ni mimi, fundi bomba wa miaka kumi na tisa, niliyeishia kidato cha pili na sijuti zaidi ya mara moja kwa siku. Wa pili ni fundi cherehani ninayemwita Bi Rula, maana hata jina lake analipigia mstari kwa rula.

Leo mkufunzi wetu ametangaza kwamba Alhamisi saa nne asubuhi atakaa nyuma ya darasa langu na kunipima. Ni mara ya pili. Mara ya kwanza nilianguka. Nilisimulia safari yangu ya ufundi dakika arobaini, kengele ikalia koki bado iko mfukoni. Mkufunzi akaandika: "Mwalimu anajifahamu vizuri sana. Mada haikuonekana." Nilidhani ni sifa mpaka nilipoona alama.

Anayeanguka mara mbili anafungasha. Hakuna mara ya tatu.

Nyumbani kwangu ni kwa dada. Dada ni dobi. Aliacha shule darasa la tano ili mimi niende, na mimi nikaja kutoroka. Hajanisema hata siku moja. Lakini tangu nianze mafunzo haya ananiita Mwalimu, tena kwa sauti, tena mbele ya wateja. Ile habari ya kuanguka sijamwambia. Leo kaniuliza mbona sili. Nikamwambia Alhamisi mkufunzi anakuja kujifunza kwangu.

Kafurahi. Kaniongezea chakula. Hakipiti.

Mpango: Bi Rula ana daftari la maandalio ya masomo lililonyooka kama mashuka ya dada. Nitaliazima. Bila kumsumbua.

Jumanne, 7 Mei

Nimeliazima akiwa kwenye chai.

Kazi nyepesi mno! Andalio la somo ni kujaza tu. Juu kuna lengo: "Ifikapo mwisho wa somo, kila mwanafunzi aweze..." Chini kuna anachofanya mwalimu, kisha anachofanya mwanafunzi. Nilinakili lake lote. Palipo na kitambaa nikaweka bomba, palipo na sindano nikaweka spana. Mwisho kabisa kuna nafasi ya "Maoni baada ya somo". Nikaijaza papo hapo, na tarehe: "Somo lilikwenda vizuri sana. Wanafunzi walifurahi mno." Kuokoa muda.

Bi Rula akanikuta na daftari mkononi. Nilijiandaa kwa ugomvi, na nilikuwa na maneno mazuri sana. Akasema tu kwamba ningeomba angenipa. Akasema pia kama nataka, tukae mchana tulipitie pamoja, maana kunakili si kuandaa. Sijawahi kudharauliwa hivyo. Nikamjibu mimi sisaidiwi na watu wa vifungo. Akachukua daftari lake, akalifuta vumbi la vidole vyangu, akaenda zake.

Alasiri nikaingia karakana na wanafunzi wangu kumi na wanane. Tukafanya zoezi la somo la Alhamisi. Kila swali nimelipangia wa kulijibu. La kwanza ni la yule wa dirishani, la pili la mrefu, la tatu la wale mapacha kwa pamoja. Kwenye sinki la ukutani nalegeza koki mpaka idondoshe, kisha nashika spana na kusema, "Tazameni!" Wao wanapiga makofi. Mimi nakaza. Maji yanakata. Makofi tena.

Kulikuwa na doa moja. Yupo binti anakaa kona ya nyuma, hasemi, tunamwita Kimya. Leo kasema. Kauliza koki kuu iko wapi, ile ya kufunga maji ya karakana nzima kabla ya kugusa chochote.

Nikamwambia swali zuri, ila halimo kwenye andalio. Ni la muhula ujao.

Ukweli siijui iko wapi. Nimefundisha hapa miezi miwili nikiona haya kuuliza.

Jumatano, 8 Mei

Tumefanya zoezi mara tatu zaidi. Wanafunzi sasa wanajibu kabla sijauliza. Yule mrefu kataka kujua kama kuna kitu kingine watajifunza kabla hawajazeeka. Nikamwambia uzoefu haupatikani haraka.

Koki nayo imechoka. Kulegeza na kukaza, kulegeza na kukaza, nyuzi zake zimelika. Inazunguka haing'ati. Mteja wangu angekuwa na koki kama hii ningemwambia tupa. Nimeizungushia tepu nyingi nikaipapasa kwa upole. Ni ya siku moja tu.

Kimya kachelewa kuingia zoezi la mwisho, magoti yana vumbi. Nikamwonya kuhusu nidhamu.

Nimepata kalamu nyekundu. Sina cha kusahihisha, lakini mwalimu bila kalamu nyekundu kifuani ni mpita njia. Dada kanipigia pasi shati jeupe, la pekee. Kola imesimama wima, utadhani inasikiliza. Kasema ana mteja wake mmoja amewahi kuwa mwalimu mkuu, na hata huyo hana kola kama hii. Akanizungusha, akanitazama mgongoni, akanizungusha tena. Nikataka kumwambia. Kweli nilitaka. Halafu akaniita Mwalimu.

Alhamisi, 9 Mei

Mungu wangu.

Saa nne kamili mkufunzi kaingia, kakaa nyuma karibu na sinki, kafungua daftari. Nikaandika lengo ubaoni kama lilivyo kwenye andalio: "Ifikapo mwisho wa somo, kila mwanafunzi aweze kuzuia maji yanayovuja na kugeuza kola."

Mkufunzi kainua mkono. Kauliza kola gani. Nikamweleza ni kola ya bomba, neno letu la ndani, mafundi wakubwa tu ndio hulitumia. Akaandika kitu. Kirefu.

Nikauliza swali la kwanza. Mapacha wakajibu la tatu. Nikauliza tena kwa upole. Yule mrefu akajibu la pili, akakaa, akajipongeza. Yule wa dirishani hakuwepo. Anaumwa! Swali lake likabaki linaning'inia peke yake kama soksi moja kwenye kamba. Nikalijibu mwenyewe. Nikajishukuru.

Nikaona bora niende sinki. Nikashika spana. Nikasema, "Tazameni!"

Wakapiga makofi. Koki ikang'oka, ikabaki mkononi mwangu.

Miaka kumi na tisa sijaona maji yenye hasira vile. Yakampiga mkufunzi kwanza, kisha ubao, kisha mimi. Nikaziba kwa kiganja, yakatokea kwapani. Nikapaza sauti niletewe kitu, chochote, nikasema tazameni, tazameni tu! Na wao, kwa kuwa nimewafundisha mimi mwenyewe mara nne, wakazidisha makofi. Wengine wakasimama.

Halafu maji yakakata. Hivi hivi.

Kimya akatokea chini ya meza kubwa iliyo nyuma ya makabati. Koki kuu ilikuwa huko siku zote. Jana aliitafuta mwenyewe kwa magoti. Akapangusa mikono, akarudi kona yake. Hakupiga makofi, na hakuna aliyempigia.

Mkufunzi alikuwa amelowana kama mbuzi wa masika, lakini kalamu haikusimama.

Ijumaa, 10 Mei

Karatasi ya andalio langu imerudi kutoka kwa mkufunzi. Juu kaandika maneno manne tu: "Lengo limefikiwa. Mwalimu hakuhusika." Chini yake, pale kwenye maoni yangu baada ya somo, amezungushia duara tarehe. Niliandika Jumanne.

Nimeanguka. Natakiwa nirudishe koti la karakana na ufunguo.

Nilimfuata ofisini nikiwa na sababu saba. Nilifika ya pili. Akanisikiliza, kisha akasema, "Wewe fundi mzuri. Kwa nini hukuwaonyesha hilo?" Nikampa sababu ya tatu. Akaniomba kitu kimoja kabla sijaondoka, niirudishie karakana koki yake.

Nikaenda. Wanafunzi walikuwepo, hawana mwalimu. Niliwapita, nilikuwa na uchungu wangu. Nikaenda chini ya meza nikakagua koki kuu kama bado imefungwa. Kimya akachuchumaa kuona. Nikamwambia weka mkono hapa usikie inavyokaza, usiilazimishe. Mrefu akaja. Mapacha wakaja. Nikawapa koki iliyolika waipapase kwa kidole gumba, ili siku nyingine wajue iliyochoka kabla haijawaumbua. Nikawaonyesha tepu inavyozungushwa kufuata nyuzi, maana mimi juzi niliizungusha kinyume kwa haraka. Kila mmoja akafunga koki mpya, akaifungua, akaifunga tena. Nikamaliza, nikafungua koki kuu. Hakuna tone. Saa nzima ilipotea hapo, na mimi nina msiba.

Nilipogeuka, mkufunzi alikuwa mlangoni na Bi Rula. Sijui tangu lini. Mkufunzi akasema hicho ndicho alichokuja kukiona jana, na kwamba alama zimeshapelekwa juu. Bi Rula akageuza uso, akijifanya ana kitu jichoni.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Mkufunzi alikuja siku isiyofaa.

Jumapili, 12 Mei

Nilikuwa na mpango kwa ajili ya dada. Karatasi nimeikunja kwa ustadi, yanaonekana maneno mawili ya kwanza tu. Dada husoma kwa kidole, polepole. Atasoma "Lengo limefikiwa", atafurahi, basi.

Nikampa asubuhi akiwa kwenye beseni. Hata hakuishika. Mkononi alikuwa na lile shati langu nililolificha chini ya godoro. Kalamu ilikuwa imelowa mfukoni. Wekundu umeshuka kutoka moyoni hadi kiunoni, utadhani nimepigwa risasi. Karatasi dada husoma kwa shida, lakini nguo huisoma kama gazeti.

Akasema, "Haya maji yametoka mbele, kwa nguvu. Na shati limelala limelowa siku tatu. Mtu aliyefaulu anafua siku ileile."

Nikakaa juu ya ndoo.

Akasugua kwa limau. Akasugua kwa chumvi. Doa halitoki. Akaendelea kusugua, muda mrefu, hanitazami, na mimi nikaona mabega yake yanavyokwenda, nikajua ni mabega yaliyokuwa yakienda hivyo hivyo mimi nikiwa kidato cha pili. Nikasema nitamtafutia shati jingine. Akasema shida si shati.

Baadaye sana akauliza kwa sauti ndogo, "Ila kuchaguliwa kule ni kweli? Wale mia moja na arobaini?"

Yaani hapo, mbele ya lile beseni, ndipo palipokuwa pa kusema kweli. Nafasi safi kabisa. Nikafungua mdomo.

Nikasema walikuwa karibu mia mbili.

Akatikisa kichwa. Akalianika shati upande wa nyuma, ule mweupe, ili wapita njia wasione. Akasema basi mwakani nijaribu tena, mtu aliyewashinda mia mbili hawezi kukosa. Nikamwambia nimeshaanza kulifikiria andalio. Na kweli nimeshaanza. Bi Rula ana daftari jipya.

Tulioomba tulikuwa wawili. Nafasi zilikuwa mbili.