Ghala la Mzee Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 8 Novemba 2021. Nyangoto.

Hatimaye steshenari yangu ina kompyuta inayoeleweka. Madamu Ummy, mtaalamu wa kompyuta kutoka halmashauri, mtu wa Tanga, ameniwekea mfumo wa bure. Kabla hajarudi Tarime mjini akanipa somo. Eti ndani kuna pande mbili. Upande wa kwanza ni mfumo wenyewe, unaoiamsha mashine. Upande wa pili ni programu za nje: ya kuandikia, ya picha, ya muziki. Kila upande unaapdetiwa kwa amri yake, na pande hizo hazichanganywi. Akabandika karatasi mbili ukutani, ya bluu na nyekundu, kila moja na amri ya upande wake.

Sikuelewa. Nikaitikia kwa kichwa kwa nguvu, kama niliyeelewa.

Bahati nzuri Mama Waisiko alikuwepo. Ndiye mwenyekiti wa akina mama wachimbaji wa dhahabu. Nawaandikia maombi ya leseni ya eneo lao, na dirisha la maombi linafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Wakikosa, eneo linakwenda kwa mwingine. Mama akasema mbona hilo ni jambo la nyumbani: kila mke ana ghala lake, na mzee ana lake. Mahindi ya mke yakiingiwa na dumuzi, unamwaga ya ghala lile. La mzee linabaki na mji unakula. Madamu Ummy akapiga makofi. Nikasema ndivyo nilivyotaka kusema.

Jumanne, 9 Novemba

Cleophas ananimaliza. Steshenari yake iko ng'ambo ya barabara, na kila asubuhi anaandika bei ya dhahabu ubaoni kwa chaki. Tangu mwamba mpya wa dhahabu upatikane, Nyangoto imejaa wageni hadi pa kukanyaga hakuna. Wote wanasimama kwake kusoma, halafu wanatoa kopi hapohapo. Wateja wangu!

Nimepata dawa. Programu inaitwa Bei Papo. Inaonyesha bei ya dhahabu ya dunia nzima, tarakimu zinawaka kijani na kubadilika zenyewe. Chaki itafanya nini hapo?

Shida moja. Bei Papo inagoma. Inadai kipande fulani kipya, na kompyuta ina cha zamani. Nimekitafuta cha zamani, nikakikuta kimejikalia kwenye ghala la mzee, yaani upande wa mfumo. Nikajiuliza, mwenye steshenari hii ni nani? Mimi Wangwe, mwanaume wa Kikurya, siwezi kuambiwa ndani ya mji wangu kuna mahali sichungulii. Nimekifuta. Nimeweka kipya palepale. Mashine ikauliza mara tatu kama nina uhakika. Nina uhakika, nina uhakika, nina uhakika!

Bei Papo imefunguka!

Zile karatasi mbili nimezibandua. Za nini?

Jumatano, 10 Novemba

Kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi nilikuwa mfalme. Watu kumi na saba mlangoni. Cleophas mwenyewe alivuka barabara, akajifanya anaulizia pini za stepla.

Umeme ukakatika. Ukarudi. Mashine haikurudi. Skrini nyeusi, mistari miwili ya maandishi meupe, basi. Nimeipuliza. Nimeichomoa na kuichomeka mara tisa. Nimeikemea kwa Kikurya.

Maombi ya akina mama yamo humo! Majina thelathini na moja na vipimo vya kona zote za eneo. Karatasi za vipimo nilizifungia njugu jana, nikijua mashine inakumbuka. Mpimaji kasafiri, simu haipatikani.

Mama Waisiko akapita. Shikamoo mama. Akauliza tumefikia wapi. Nikamwambia kompyuta inapumzika, imefanya kazi sana.

Alhamisi, 11 Novemba

Mpango mpya: nimeifunika mashine kwa khanga ya dada yangu na kuandika INAAPDETIWA. Cleophas akaja, akafunua khanga, akacheka hadi akashika ukuta. Kufika saa sita mchana Nyangoto nzima inajua.

Mama Waisiko akaja. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakutukana. Aliketi kwenye benchi, akasema amepasua mawe miaka kumi na moja kwenye maeneo ya watu, na safari hii alidhani atapasua kwake. Akaniita mura, yaani kijana, taratibu, kama anamwita mtoto mgonjwa. Jamani, bora angenipiga. Nimeona aibu hadi masikio yakapata moto.

Nikampigia Madamu Ummy. Nikasema mashine imeharibika yenyewe. Akauliza nimefuta nini. Nikasema hakuna. Akauliza tena. Nikasema kidogo tu.

Ijumaa, 12 Novemba

Mvua. Madamu Ummy alifika kwa bodaboda saa nane na nusu, tope hadi magotini. Akachomeka flashi yake, akarudisha upande wa mfumo peke yake. Upande wa pili hakuugusa. Mimi nilisimama nyuma yake nikitoa ushauri hadi akaniomba nikamnunulie maji.

Saa tisa na dakika arobaini ikaamka! Programu ya kuandikia ipo. Maombi yapo, na vipimo vyote. Aliyekufa ni Bei Papo tu. Madamu akasema kama pande mbili zingekuwa zimechanganywa kama kande, leo tungezika vyote.

Maombi yalitumwa saa tisa na dakika hamsini na mbili. Mama Waisiko akapiga kigelegele cha kuamsha mtaa. Kisha akanigeukia. Akasema maisha yake yote amesikia ghala la mzee limeibiwa na panya, leo ndiyo kwanza anaona limeibiwa na mzee mwenyewe. Cleophas alikuwa mlangoni. Ameyaandika maneno hayo ubaoni, juu ya bei ya dhahabu.

Jumapili, 14 Novemba

Nimetubu. Kanisani nimekaa benchi la mbele. Ghala la mzee siligusi tena maishani. Karatasi mbili nimezirudisha ukutani, kwa gundi.

Jana Mama Waisiko alipata ujumbe: maombi yamepokelewa, apeleke Tarime fomu iliyochapwa, kesho kabla ya saa sita mchana, vinginevyo yanafutwa. Atakuja kuchapa kwangu saa moja asubuhi. Nimemwambia alale usingizi.

Madamu Ummy ameniachia flashi yake kwa ajili ya dharura, akasema isiguswe. Lakini flashi si ghala. Flashi ni flashi. Nimechungulia: mfumo mzima umo, safi kabisa, ila Bei Papo hamna. Yaani dharura ikitokea tutarudishiwa mzee mkavu, bila bei ya dhahabu! Nimeiweka humohumo. Nafasi haikutosha, nikafuta mafaili mawili yenye majina yanayofanana. Mapacha wa nini? Halafu, kwa kuwa sasa mimi ni mtu makini, nikaona nisingoje dharura ndiyo nijaribu. Nimeirudisha mashine yote upya kwa flashi hiyo, pande zote mbili. Ikauliza mara tatu kama nina uhakika.

Inawaka sasa hivi. Kesho Cleophas atanitambua. Skrini ni nyeusi kidogo, na kuna mistari miwili ya maandishi meupe. Nadhani inanisalimia.