Ombi la Kuitoza Faini Mashine Inayomkatiza Mzee

Endulen, Ngorongoro

Kwako Bwana Mtaalamu wa Kompyuta, Karatu, ambaye kwa bahati pia ni mwanangu Isaya,

Salamu nyingi. Mimi baba yako, Mwalimu Parmuat, mstaafu na katibu wa kamati ya malisho, ni mzima. Ng'ombe wazima, mvua imegoma, mbuzi wa shangazi yako wametafuna tena shuka langu kwenye kamba. Nimekusalimu kirefu makusudi.

Ulipokuja Pasaka ulikaa na kompyuta yangu kutwa nzima, chai ikapoa. Ukaniambia programu ninayoandikia inafundishika. Mwenye kujua msimbo huiongezea tabia anayotaka. Ukaiongezea ya kumalizia maneno: naandika herufi mbili tatu, yenyewe inaleta yaliyobaki, ikiyachota kwenye barua zote zilizomo, zangu na za marehemu mama yako. Nikakushukuru. Sikujua ninashukuru nini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Inanikatiza. Kikaoni kwetu mzee akishika fimbo akasimama, hata mwenye nyumba inayoungua atasubiri amalize. Mashine hii haisubiri. Niliandika "Ndugu wajumbe, napenda", ikaleta "kufunga kikao". Kikao chenyewe hakijafunguliwa, jamani!

2. Haina adabu ya salamu. Nikianza "Habari za", inaweka "nyumbani" na kuruka mstari. Ng'ombe je? Watoto? Malisho? Barua ya namna hiyo ilimfikia mzee Senteu, wa rika langu. Alituma mtu kuja kuuliza tumegombana lini.

3. Inanijua mno. Nikiandika "Kamati", inaongeza "italijadili kikao kijacho". Nimejaribu kumalizia vingine nikakuta kweli sina kingine. Mtu mzima hafanyiwi hivyo.

4. Hili ndilo lililonimaliza subira. Mama yako barua za kikundi cha akina mama aliziandika humo humo, na jina lake chini. Sasa nikianza tu herufi ya kwanza ya "rejesta ya chanjo", linatokea jina lake. Isaya, wewe ni mtoto wa Kimaasai hata kama unashinda na watalii. Jina la aliyetutoka halitajwi nyumbani kwake. Halitajwi! Tangu tumzike nimelifungia kinywani, sijateleza hata siku moja. Leo mashine inalitaja mbele yangu mchana kweupe, nami nimo katika habari za chanjo ya ndama. Mara ya kwanza nilifunga kompyuta, nikatoka, nikasimama zizini mpaka moyo ukatulia. Iliniuma, mwanangu.

Nililipeleka kwa wazee. Kauli yao ni hii: anayemkatiza mzee alipe mtamba mmoja, na anayetaja jina la marehemu alipe mwingine. Mashine haina boma, na mtoto akikosa hulipa baba yake, yaani wewe uliyeizaa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hii umeilea ovyo. Senteu aliuliza kama babu wa mashine, yaani mimi, naye anachangia. Kamati italijadili kikao kijacho.

Kwa heshima zote, basi, naomba uje Jumamosi uing'oe tabia hiyo yote. Maneno ya mama yako uyafute humo, lisibaki hata moja. Ukishindwa, nitarudi kwenye kalamu, ambayo haijawahi kujua nataka kusema nini.

Msalimie mkeo Lilian na watoto, na jirani yenu Wilibrodi, mwambie mbegu zake za maharage zimeota. Usiache kuwasalimia na wale ambao mashine ingewaruka.

Ni mimi baba yako, niliyefika mwisho wa kila sentensi kwa miguu yangu mwenyewe,

Mwl. Parmuat

Nyongeza: Usije Jumamosi. Nilipokuwa nikisahihisha barua hii niliandika "Nimechoka", mashine ikaongeza "acha hiyo, njoo ule". Hayo si maneno yangu. Mama yako alikuwa na kawaida ya kunichomekea hayo chini ya barua nikitoka kidogo, na mimi nilikuwa nayafuta huku nanung'unika. Nimeyaangalia sana. Kisha nikaandika herufi moja, ile ya kwanza ya "rejesta", nikaondoa mkono. Likatokea. Mila inanikataza kulitaja, nami sijalitaja. Kuhusu kulisoma wazee hawajatoa kauli, na mimi kama katibu sioni haraka ya kuwauliza. Mitamba nitalipa mwenyewe.