Nani Alaumiwe kwa Nyumba za Mikumi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru wa ghafla na kwa hiyo ofisi yangu imeniomba niwe mgeni rasmi mimi mwenyewe, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mkutano, ambaye naye ni mimi kwa sababu aliyepangwa ameondoka kwa hasira, ndugu Katibu wa Kamati Ndogo ya Kamati Kubwa, wajumbe wa serikali ya kijiji mliopo hapa na mliojificha nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, ustadhi na mchungaji mliotufungulia kwa dua na sala, kila mmoja kwa dakika zake, wazee wetu, shikamooni (wazee watatu: Marahaba), wakulima wa Tindiga, pamoja na ndugu zetu wa Msowero na Zombo mliokuja kwa baiskeli, kwa bodaboda na kwa miguu, wafugaji wetu, waandishi wa habari, kama mngekuwepo, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa.

Jina langu mnalijua, lakini kwa ajili ya kumbukumbu za mkutano naomba lisikike. Naitwa Melkizedek Ulimboka, Mratibu Mkuu wa Mpango wa Nyumba Yangu, Ukanda wa Kilosa na Mikumi, mwenye vyeti sita vya semina, viwili kati yake vikiwa vya semina nilizoziendesha mwenyewe. (Makofi kutoka meza kuu.) Nimesimama hapa leo kwa unyenyekevu mkubwa, ndiyo maana nimeomba jukwaa liinuliwe kidogo, ili wote mwuone unyenyekevu huo.

Ndugu wananchi, tumekutana kuzungumzia jambo moja tu: nani alaumiwe. Yamesemwa mengi kwenye vijiwe vya kahawa na kwenye makundi ya simu, na mengine yamesemwa huku jina langu likitajwa bila cheo. Kwa hiyo, katika spiriti ya uwazi na uwajibikaji, naomba niwarudishe nyuma hadi kwenye fizibiliti ya Mpango, ili tuelewane kwa ushahidi na takwimu.

Mnakumbuka kwamba ofisi yangu ilibuni wazo, ambalo mpaka leo naliona zuri kila ninapolisoma, kwamba mkulima wa Tindiga aipeleke benki hati yake ya kimila ya shamba, benki itoe mkopo, mkopo ujenge nyumba ya vyumba vitatu kule Mikumi, nyumba ipangishwe kwa watalii wanaokuja kuona wanyama na kwa abiria wanaoshuka treni ya umeme Kilosa, kodi ilipe mkopo, na mkulima aendelee kulima mpunga wake huku akiwa mwenye nyumba bila hata kuvuka barabara kwenda kuiona. Jumla ya wananchi mia tatu na kumi na wawili walijiunga. Utekelezaji, kwa mujibu wa moniteringi na evaluesheni tuliyoifanya ofisini, ulifikia asilimia sabini na tatu. (Sauti kutoka nyuma: Sabini na tatu ya nini?) Ya utekelezaji, ndugu yangu. Naomba tusikatishane, takwimu zinapenda utulivu.

Sasa benki, kama mnavyoijua benki, ikataka wadhamini. Hapo ndipo ofisi yangu ilipoonyesha ubunifu. Sisi watu wa huku tuna desturi nzuri sana: wapimaji wakija kupima shamba la mtu, majirani wa mpaka wanatoka, wanasimama kila mmoja kwenye kona yake, wanashika kamba, wanasaini fomu kwamba mpaka ni huu na hauna ugomvi. Hakuna anayekataa. Anayekataa anaonekana ana nia na shamba la watu. Basi sisi tuliichukua fomu hiyohiyo mliyoizoea, tukaiboresha kwa kuiongezea ukurasa wa pili, na ukurasa huo unasema kwamba jirani wa mpaka ndiye mdhamini wa mkopo, kwa shamba lake lote. Mlisaini kwa moyo mkunjufu, wengine kwa dole gumba, na hakuna hata mmoja aliyefunua ukurasa wa pili. Hilo nalisema kwa masikitiko, maana ukurasa huo ulichapishwa kwa gharama.

Matokeo yake yalikuwa mazuri kupita matarajio. Bi Mwamvua alidhaminiwa na Cosmas, ambaye shamba lake limepakana na lake upande wa mto. Cosmas akadhaminiwa na Joha. Joha naye akadhaminiwa na Bi Mwamvua. Wataalamu wa benki walipoona kila mtu ana mdhamini, na kila mdhamini ana shamba, walifurahi mno, wakatoa fedha siku hiyohiyo. Baadaye wakaiuza mikopo yenu kwa benki nyingine, na hiyo nyingine ikaiuza kwa kampuni ya kukusanya madeni iliyoko Dar es Salaam, ghorofa ya tisa, yenye kiyoyozi. Ndugu zangu, mikopo yenu imetembea kuliko ninyi wenyewe! (Meza kuu inacheka. Wananchi hawacheki.)

Ndipo yakatokea yaliyotokea. Kodi haikuingia, mkopo haukulipwa, Joha akakwama, akamvuta Bi Mwamvua, Bi Mwamvua akamvuta Cosmas, na kwa kuwa hapa bondeni kila shamba limepakana na lingine, hadi kufikia wiki iliyopita kulikuwa hakuna shamba lisilodaiwa kuanzia mtoni mpaka barabarani. Kama kiongozi, niliumia. Nilikosa usingizi wa mchana siku mbili mfululizo.

Lakini sikukaa tu. Niliunda Tume Huru ya Uchunguzi, na ili isije ikaingiliwa na mtu asiyelijua suala lenyewe, nilijiteua kuwa mwenyekiti wake. Tume iliniita. Nilifika kwa wakati. Nilijihoji kwa saa tatu, maswali yalikuwa magumu, mengine sikuyatarajia kabisa, lakini nilijipa ushirikiano wa kutosha na mwisho nikajiruhusu niende. Ripoti ya kurasa mia mbili imekamilika, na ni siri, ila nimejipa kibali cha kuwasomea muhtasari.

Tume imebaini kwamba lawama zigawanywe kama ifuatavyo: mvua na mafuriko, asilimia thelathini na nne, mtangulizi wangu katika ofisi hii, asilimia ishirini na mbili, tembo waliotoka hifadhini na kukanyaga misingi ya nyumba, asilimia kumi na nane, hali ya uchumi wa dunia, asilimia kumi na mbili, na ninyi wananchi, kwa ujirani uliopitiliza, asilimia kumi na nane. Jumla ni asilimia mia moja na nne. Hizo nne zilizozidi ni akiba, tukiambiwa kuna mwingine aliyesahaulika.

(Mwanamke wa makamo, kanga begani, anasimama. Ni Bi Mwamvua. Meza kuu inamwashiria akae. Hakai.)

Naam, mama yangu. Shikamoo. Mpeni kipaza sauti. Au basi, aseme tu, sauti yake inafika.

(Bi Mwamvua: Marahaba, baba. Mimi sikuja kuuliza tembo. Mume wangu alikufa akaniachia ekari tatu, na wanangu wanne wamekulia kwenye mpunga wa hizo ekari tatu. Ijumaa shamba linapigwa mnada. Nimekubali, nilisaini. Basi nionyeshe hiyo nyumba yangu ya Mikumi iko wapi, nihamie. (Wananchi: Ndiyo! Tuonyeshe!) Jumatatu nilipanda gari nikaenda. Nimeuliza Mikumi nzima, kuanzia stendi. Nimeona vichaka na ngedere.)

Asante sana, mama. Swali zuri, na limeulizwa kwa utulivu wa kupigiwa mfano. (Meza kuu inapiga makofi.) Nitalijibu kwa ujumla wake. Kwanza, suala la kuona nyumba lina mchakato. Pili, mwananchi anapokwenda saiti bila barua ya utambulisho, hata kilichopo hawezi kuonyeshwa. Tatu, nyumba ni dhana pana. (Cosmas, akiwa amekaa: Dhana haiezekwi bati, mheshimiwa!) Nimekusikia, Cosmas, na maoni yako yataingizwa kwenye viambatisho.

Nisije nikaonekana sina majibu. Naahidi hapa mbele yenu kwamba ndani ya miezi kumi na minane tutaunda kikosi kazi, kikosi kazi kitaandaa rodimapu, rodimapu itapelekwa kwa wadau, na wadau watakaa hotelini siku tano kuijadili, kwa niaba yenu. Zaidi ya hapo, kila aliyepoteza shamba atapatiwa semina ya siku moja ya namna ya kuishi bila shamba, na chakula cha mchana kitakuwepo, kwa watakaowahi.

Sasa naomba tusimame kwa ajili ya kaulimbiu. Nyumba Yangu! (Meza kuu: Fahari Yangu! Wananchi wanabaki wamekaa.) Mkopo Wangu! (Meza kuu: Maendeleo Yangu! Ng'ombe mmoja analia upande wa josho.) Uwajibikaji! (Meza kuu wanatazamana. Hawakupewa jibu la hiyo.) Basi, tukae.

Kabla sijahitimisha, nitakuwa mwizi wa fadhila nisipotoa shukrani. Naishukuru benki kwa imani. Nawashukuru wajumbe wa semina tisa za maandalizi, ambazo ndizo zilizotumia fedha za mikopo, pamoja na ziara ya mafunzo na lile gari jeupe mnaloliona. Namshukuru kijana wetu Brayan, ambaye tulipokosa picha ya nyumba ya kuweka kwenye kalenda alitutafutia moja nzuri sana kwenye simu yake, na ambaye mpaka leo hakumbuki ni ya nchi gani. Na kwa namna ya pekee nakishukuru kitengo changu cha sheria, kilichogundua wiki hii, kwa faraja kubwa, kwamba Mpango wa Nyumba Yangu haujawahi kusajiliwa mahali popote, haujawahi kupewa kiwanja hata kimoja Mikumi, na kisheria haujawahi kuwepo. Mtu hawezi kuwajibika kwa kitu ambacho hakikuwepo. Hapo, ndugu zangu, ndipo lilipofungwa suala la lawama, na nawapongeza kwa kulifunga kwa amani.

Mikopo yenyewe ipo. Hiyo ilisajiliwa. Mnada utafanyika Ijumaa saa nne asubuhi, palepale shambani, na tutaanza na ekari tatu za Bi Mwamvua kwa kuwa ziko karibu na barabara na wanunuzi kutoka mjini hawatachafua viatu. Ni mnada wa wazi, hauna ubaguzi. Bi Mwamvua naye, kama mwananchi mwingine yeyote, haki yake haijaguswa: akiwa na fedha taslimu, anaruhusiwa kununua.

Asanteni kwa kunisikiliza.