Mwanamke wa Kanga ya Kijani

Jumanne, 8 Julai 2025
Tinde. Mwamvua wa studio ya ng'ambo ya barabara anatangaza kwamba waendesha baiskeli ninaowapiga picha hutoka kama mvuke wa chai. Hata wateja wangu wamecheka. Mzee Makoye, mwandaaji wa mbio za Jumamosi, anataka mpiga picha mmoja tu. Nitakuwa mimi, Doto! Nimetazama mafunzo kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Jicho la kamera lifunguke taratibu, kiuno kizunguke, umfuate anayekimbia hata ukishabonyeza. Yeye hutoka safi. Vilivyosimama nyuma yake huvutika kama uji.

Jumatano, 9 Julai
Barabara ya Didia. Mbuke, bingwa wa wanawake, yuko mazoezini. Nimetumbukia mtaroni mara moja. Lakini picha ya tisa! Mbuke safi. Miti mistari, mbuzi mistari. Ila kuna mwanamke ukingoni, kanga ya kijani, naye safi hadi maua ya kanga. Labda alitulia sana.

Alhamisi, 10 Julai
Nimewaza nikinyoa ndevu, nikajikata. Aliyetulia ndiye anayevutika! Anayetoka safi ni yule anayekwenda sawa na baiskeli. Na yule mama amesimama, visigino pamoja.
Nimerudi saa sita mchana. Picha tano. Kwa macho sikuona mtu ila Mbuke. Kwenye picha yule mama yumo zote, kila moja karibu zaidi. Ya mwisho, kashika siti ya baiskeli. Nimemuuliza Mbuke kama kuna anayemfuata mazoezini. Kasema hakuna. Sikumwonyesha. Akiogopa akajitoa, nitampiga nani?

Ijumaa, 11 Julai
Mzee Makoye kaipenda picha ya tisa. Kazi ni yangu! Yule mama nilikuwa nimemkata, ila pembe ya kanga ilibaki. Mwamvua kaiona, akaomba picha nzima. Nikampa, kwa kuringa. Hakucheka.
"Huyu ni mama yake Mbuke," alisema. "Msiba wake niliupiga picha mimi, mwaka juzi. Mwonyeshe mtoto wake, Doto."
Wivu. Mafunzo yanasema flashi mchana huondoa vivuli. Itamwondoa na huyu.

Jumamosi, 12 Julai
Nilijilaza karibu na utepe wa mwisho. Flashi nguvu zote. Mbuke akaja anaongoza, nikamfuata kwa kamera, nikabonyeza. Mwanga ukampiga machoni. Akaruka juu ya usukani.
Watu walikimbia. Hakuwa na mchubuko hata mmoja. Alikaa kwenye vumbi akitazama huku na huku.
"Nani amenidaka?" aliuliza.
Hapakuwa na mtu karibu yake.
Nimetazama picha. Mama hashiki siti tena. Hamtazami Mbuke. Ananitazama mimi.

Jumapili, 13 Julai
Kazi ya mbio zijazo kapewa Mwamvua, ambaye pia kamweleza Mbuke kila kitu. Mbuke kaja kuziomba picha. Kasema mama alimfundisha baiskeli hivyo hivyo, akikimbia nyuma kashika siti. Kaniomba niache kabisa flashi. Nikaahidi.
Mchana nimempiga mwalimu Euphrasia picha ya pasipoti, humu ndani, pazia jeupe, flashi kidogo tu. Begani kwake kumetokea kijani. Nikarudia. Bega halionekani tena, kanga imelifunika.
Tatizo nimelijua: flashi yangu ni ndogo. Nimeagiza kubwa kutoka Mwanza.