Wajomba wa Ghorofa ya Nne

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Lango jipya limeanza kazi. Chuma kitupu, vitufe vya namba, kamera inayokodoa macho kama mama mkwe. Mwenyekiti wa kamati ya wakazi, tunayemwita Mama Kanuni, ametusomea tangazo: eneo letu limetengwa kwa makazi pekee, atakayefanya biashara ndani atahamishwa. Ameniangalia mimi. Mimi ni kinyozi. Kiti changu kiko sebuleni, nyuma ya pazia, mwaka wa sita huu.

Wageni watakaoruhusiwa: ndugu waliosajiliwa. Ndugu! Neno halikufafanuliwa popote. Uzembe wa kisheria ulioje!

Jumanne, tarehe 4
Nimesajili wateja kumi na wanane. Wajomba kumi na mmoja, mashemeji watano, binamu mmoja, na babu niliyemzidi miaka ishirini. Mke wangu ni mtoto wa pekee, nami vilevile. Ameuliza mashemeji hao tumewaokota wapi. Nimemjibu kwamba fomu haikuuliza.

Alhamisi, tarehe 6
Mambo yananyooka! Wajomba saba kabla ya adhuhuri. Dosari ni moja: mlinzi wa langoni ana macho. Ameniuliza, "Mzee, ukoo wenu una ugonjwa gani? Mtu anapanda na kichaka, anashuka na upara!" Nimemwambia ni wa kurithi. Amenipa pole. Kisha ameomba awe mpwa wangu, na kama inawezekana, ndevu zake zirithi kesho kutwa.

Ijumaa, tarehe 7
Balaa! Mama Kanuni amepanda na afisa wa mipango miji. Sebuleni, wateja watano. Nimetangaza kwa utulivu kwamba ni kikao cha ukoo. Afisa, mtu mpole, ameuliza nani mkubwa wao. Wajomba wawili wamejibu kwa pamoja. Babu amesema ni yeye. Mjomba mmoja amemwambia anyamaze, kwanza hajaoa. Hata hapo ningenusurika, lakini shemeji aliyenyolewa nusu kichwa amechungulia kutoka nyuma ya pazia na kuuliza kama kikao kitaisha kabla ya nusu ya pili.

Hukumu: siku saba kukiondoa kiti, ama nihame nacho. Afisa amenisomea kifungu: biashara hairuhusiwi katika ghorofa yoyote ya jengo hili.

Jumamosi, tarehe 8
Mke wangu ameniomba nikodi kibanda sokoni kama vinyozi wenye akili timamu. Nimemwahidi kutafakari. Nimetafakari nikiwa ndani ya lifti.

"Ghorofa yoyote." Lakini lifti haimo katika ghorofa yoyote. Inapita tu! Nimepima kwa futi: kiti kinaenea, mteja akikunja magoti. Ndevu ni safari nne kwenda na kurudi, nywele, tisa. Mpwa wangu wa langoni atabonyeza vitufe. Mama Kanuni akiingia, tutasogea kidogo apate nafasi.